Wafumaji Tunaomba Waziri Mkuu Anayekaa

Mtaa wa Kanisani,
Nether Wadlow.

Kwako Mhariri wa gazeti letu la Ijumaa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi si mzima. Nina malalamiko dhidi ya ofisi ya Waziri Mkuu, na kwa kuwa walioko huko hawakai muda wa kutosha kufungua barua, nakuandikia wewe.

Mimi ndiye ninayefuma mwanasesere wa uzi mwenye sura ya Waziri Mkuu, pambo la kijiji linalokaa juu ya sanduku jekundu la posta, mkabala na duka la mikate. Nimefanya hivyo miaka kumi na mmoja, tangu mume wangu Cuthbert afariki na nyumba ikapoa. Mwanasesere mmoja huchukua wiki saba. Sasa sikiliza niliyotendewa mwaka huu peke yake.

1. Yule bwana mnene nilimwanza siku ileile aliyoapishwa. Nilikuwa kwenye sikio la kushoto redio iliposema amejiuzulu. Sikio la kulia hadi leo hana.

2. Sikukata tamaa. Nilimfumua tumbo, nikamvalisha hereni na koti la buluu, akawa yule mama aliyemfuata. Nikampandisha sandukuni Jumatano asubuhi. Kufika saa sita mchana, Desmond wa posta ananipigia kelele mbele ya foleni nzima ya mikate: "Bibi Hester, huyo si ameshaondoka? Mfumie na begi la safari kabisa!" Watu walicheka hadi muuzaji akaangusha trei. Nilirudi nyumbani bila mkate, nikalia. Sioni haya kusema.

3. Wa tatu ana upara, nikashukuru Mungu kwa kuokoa uzi, na sasa mwanasesere wake yuko sandukuni. Lakini Glenys Tranter, mwenzangu katika chama cha wafumaji, ameitisha mkutano Jumamosi ili sanduku apewe yeye, aweke bata na vifaranga. Hoja yake ni moja: "Bata hajiuzulu, mwenzangu." Nikinyang'anywa lile sanduku, sijui asubuhi nitaamkia nini.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, tena kwa heshima.

Kwanza, sheria itungwe kwamba Waziri Mkuu haondoki kabla ya wiki saba. Mwenye nywele za mawimbi, wiki nane.

Pili, chama tawala kikichagua mrithi kizingatie umbo. Wagombea wapimwe kifua na shingo, na aingie yule anayeenewa na nguo za aliyetoka. Futi ya kupimia nitaleta mwenyewe.

Tatu, akilazimika kuondoka, aje amshushe mwanasesere wake kwa mikono yake na kuwaeleza walioko foleni ya mikate.

Nne, haya yakishindikana, nchi apewe mwanasesere. Amenyeshewa siku tisa hajabadili msimamo wala kumlaumu mtangulizi wake. Najua kichwa chake kimejaa soksi kuukuu, lakini hilo halijawahi kumzuia mtu kupata kazi ile.

Ninachodai ni kidogo, Mhariri. Mtu akipewa kiti, akikalie. Kelele za wenzake si sababu ya kukimbia.

Wasalimie wote hapo gazetini, mama yako na goti lake, na Desmond pia, ingawa hastahili.

Wako mwenye subira,
Hester Pumphrey (Bi.)

Nyongeza: Barua hii niliisoma mkutanoni Jumamosi kabla ya kuituma. Wenzangu waliguswa mno, wakaniachia sanduku na kunipa uenyekiti wa chama pia. Jumanne nimejiuzulu uenyekiti na sanduku nimeliachia. Mhariri, hujui mambo! Wanawake kumi na wanne, wote wanasema kwa pamoja, na hakuna aliyeridhika na biskuti nilizochagua. Bata wa Glenys wamepanda sandukuni leo. Ukichapisha habari hii, andika tu kwamba nimeondoka ili nipate muda zaidi wa kuwa na familia. Familia ni paka, lakini hilo usiliandike.