Mkate wa Nafasi ya Kumi na Nne

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe ametangaza rasmi. Magoti yamemshinda, anaacha kazi ya tanuri. Duka la mikate litabaki la familia, lakini tanuri lazima liwe na mkubwa mmoja: mimi au Shemeji. Shemeji ni kaka wa mke wangu. Anapima chumvi kwa kijiko cha dawa ya watoto, halafu anaisawazisha kwa kisu! Mimi napima kwa kiganja. Kiganja changu hakijawahi kulalamika.

Siutaki ukubwa kwa ajili ya ukubwa. (Uongo. Nautaka kidogo.) Ninachotaka hasa ni mama yule anisifu. Miaka ishirini na moja nakanda mbele ya macho yake, na sifa kubwa niliyowahi kupata ni kwamba leo haikuungua. Nampenda kama mama yangu mzazi. Basi aseme hata neno moja kabla hajaondoka!

Jumanne, 4 Machi

Mama mkwe hataki kuchagua kwa mdomo. Anasema akimchagua mwanawe mimi nitanuna, akinichagua mimi mwanawe atanuna, na yeye hana nguvu za kubembeleza wanaume wawili wenye mvi. Kazi kampa mjukuu wake, yaani binti yangu, anayesoma takwimu chuoni na yuko likizo. Nikafurahi. Damu yangu! Nikamnong'oneza kwamba baba ni baba. Akanijibu kwamba namba hazina baba.

Sharti ni hili. Kila mtu karai moja la unga, hamira sawa, mikate saba. Mikate iliyoumuka zaidi ndiyo itakayoshinda. Binti akaeleza kwamba mikate ni michache mno kuweza kutegemea wastani, na kwamba mkate mmoja wa ajabu unaweza kuupindua wastani wote. Kwa hiyo yeye ataipanga mikate yote kumi na minne mezani, toka mfupi hadi mrefu. Mfupi kabisa unapewa namba moja, mrefu kabisa kumi na nne, kisha anajumlisha namba za kila mtu. Mimi nilisikiliza mpaka kwenye mkate wa ajabu. Baada ya hapo nikaenda kuangalia moto; hayo ya namba nimeyanakili tu kutoka karatasi yake.

Tukaoka. Nikakanda kwa moyo wote, jasho mpaka kwenye nyusi. Jumla: mimi hamsini na tano, Shemeji hamsini! Nikampa Shemeji mkono wa pole. Nilikuwa nimeshaanza kufunga aproni ya mama mkwe kiunoni binti aliposema hakuna aliyeshinda. Eti tofauti ndogo hivyo ingeweza kutokea hata kama mikate yote ingeokwa na mtu mmoja. Eti ni bahati tu. Tutarudia Alhamisi.

Bahati! Nimemsomesha mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Nimenuna tangu asubuhi. Hakuna aliyegundua mpaka saa sita, ikabidi ninune kwa sauti. Mke wangu akasema tofauti kati yangu na mtoto aliyenyimwa peremende ni masharubu tu. Akaniletea chai, nikanywa nikiwa bado nimenuna.

Kwenye kikombe cha pili wazo likanijia. Mkate mmoja wa ajabu unaweza kuupindua wastani wote! Si binti yangu mwenyewe aliyesema? Mtoto kaniachia ufunguo mlangoni na mimi nilikuwa nimesimama nje nikigonga. Sheria inasema mikate saba. Haisemi iwe sawa.

Nimemwambia mke wangu leo nampenda sana. Ameuliza nimevunja nini.

Alhamisi, 6 Machi

Shajara, kaa chini.

Nilikata madonge saba. Kisha kila donge kati ya yale sita nikalimega kidogo, nikambandikia ndugu yao wa saba. Ndugu huyo hakuenea kwenye kibati, nikamtia katika sufuria refu la kuchemshia maziwa na kumficha nyuma kabisa ya tanuri. Shemeji aliona. Akauliza kwa upole kama ule ni mkate au tumepata mgeni.

Ukatoka! Sentimita ishirini na nne! Umevimba, umeinama kidogo upande, unang'aa. Mkate mrefu kabisa wa Shemeji ulikuwa sentimita kumi na moja. Nikajipiga kifua. Binti akautazama, akanitazama, akaubeba kwa mikono miwili na kuuweka mwisho wa mstari. Akaandika kumi na nne.

Nikamngoja aendelee kuandika. Hakuendelea.

Nikamuuliza zawadi ya zile sentimita kumi na tatu za juu iko wapi. Akasema hakuna. Ukizidi kwa sentimita kumi na tatu au kwa unywele, nafasi ni ileile. Kisha akahesabu wale sita niliowamega, maskini, waliokuwa wamelala chini kama sahani. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita! Jumla yangu thelathini na tano. Shemeji sabini. Na safari hii, binti akasema, si bahati.

Nikadai wastani. Akaupiga kwa heshima: mimi kumi na moja, Shemeji kumi na nusu hivi. Nimeshinda kwa wastani! Mama mkwe akauliza kama kuna mteja aliyewahi kuja dukani kununua wastani. Wateja sita wangekwenda nyumbani na sahani, alisema, na wa saba angehitaji mkokoteni.

Kisha akaukata mkate wangu. Ndani hamna kitu. Pango! Ngumi yangu iliingia yote. Mama mkwe alicheka mpaka akashika meza, mke wangu akacheka kwa sababu mama yake anacheka, na mimi nikajikuta nacheka huku nimeumia kwelikweli.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji amekabidhiwa tanuri. Mtu mwema yule, inaudhi. Amesema hana raha ya kushinda kwa sababu ya ujinga wangu, tupimwe tena mwezi ujao, na nikishinda ataniachia bila kinyongo. Nimemkumbatia. Nilikaribia kulia.

Mama mkwe aliniita nikae naye nje. Akaongea kirefu. Alisema mikate yangu ya Jumanne ameila yote miwili aliyoichukua, bila siagi. Alisema katika maisha yake hajaona mikono inayokanda kama hii, na akaishika, na akaniita mwanangu. Nikawa naitikia tu ndiyo mama, ndiyo mama, maana wakati huohuo wazo lilikuwa linanijia na sikutaka linipotee.

Ni hivi. Kosa langu lilikuwa kuongeza kwangu. Nilipaswa kupunguza kwake! Mwezi ujao, Shemeji akigeuka, nabadilisha donge lake moja naweka dogo. Dogo kabisa, la ukubwa wa kidole gumba. Mkate mfupi namna hiyo utawavuta wenzake wote sita chini. Tanuri litakuwa langu, na mama yule, safari hii, lazima anisifu.