Kitambaa Kisichoshuka Soko

Leo Ijumaa nimeumbuka. Nafasi ya mazoezi kwenye maduka ya Bi Zulekha, niliyoitaka tangu siku ya kwanza chuoni, imepotea saa nne asubuhi mbele ya wageni. Nasimulia mwenyewe kabla wenzangu wa darasani hawajawasimulia kwa kuongeza chumvi.

Ninasoma biashara ya mitindo hapa Bagamoyo. Nilidhani tutafundishwa kupanga nguo na kupokea wateja. Kumbe ni hesabu, kompyuta na sayansi ya nyuzi. (Mimi na hesabu tuliachana kidato cha nne, kwa ridhaa ya pande zote mbili.) Mwalimu Festo, anayetufundisha, ni kijana mpole kutoka bara, ana miezi miwili tu tangu ahamie. Wimbo wake ni mmoja: muuza nguo asichague bidhaa kwa macho, achague kwa namba.

Akatupa kazi. Kila mtu aende duka la kweli, atafute kitambaa kinachotoka kwa uhakika mwaka mzima, achore mchoro wa mauzo yake, kisha akionyeshe siku ya wageni. Bi Zulekha, mwenye maduka ya nguo hapa mjini na Tegeta, angechagua mmoja wetu. Anayechaguliwa huwa anaajiriwa moja kwa moja.

Mimi nilitumia duka la kaka yangu Omari, aliyefariki miezi mitatu iliyopita. Kaka hakutupa vibao vya katikati ya majora ya vitambaa yaliyokwisha. Juu ya kila kibao aliandika jina la kitambaa na mwezi kilipokwisha. Nilivihesabu siku mbili, peke yangu, mlango nimeurudishia. Vitenge vilipanda Ramadhani, baada ya Idi vikaanguka. Lasi hivyo hivyo. Kitambaa kimoja tu mstari wake ulilala sawasawa kama sakafu, Januari mpaka Desemba. Bafta nyeupe.

Mlio pwani mmeshaelewa. Kwa wasioelewa: ndiyo tunayozikia. Na dukani bafta haina maneno mengi. Mtu anaingia, anataja yadi, muuzaji anasema pole, anampimia, hawabishani bei. Hakuna anayetaja inakokwenda. Ya kaka niliichana kwa mikono yangu mwenyewe, na tangu siku ile neno "sanda" limekuwa zito kunitoka mdomoni.

Basi nilipompelekea mchoro, Mwalimu Festo akaniuliza wanunuzi ni akina nani, nikamjibu watu wote. Kuna anayerudisha? Hajawahi kutokea. Kina msimu? Hakina. Alikuwa anaandika huku anatabasamu. Nikaona nimzuie kwa adabu, nikamwambia kitambaa hiki huwa hakionyeshwi.

"Kisichoonyeshwa kinauzikaje?"

"Wanakuja wenyewe, mwalimu."

"Basi kikionyeshwa, fikiria watakavyokuja."

(Nilifikiria.) Kosa langu ndilo hilo. Sikudanganya, lakini nilinyamaza.

Leo asubuhi akalivalisha sanamu la chuo la kuonyeshea nguo yeye mwenyewe. Bafta toka mabegani hadi miguuni, pini kumi na moja, mkanda wa dhahabu kiunoni. Pembeni akabandika mchoro wangu na bango kubwa: KWA KILA MTU, KWA KILA MSIMU. Wenzangu wawili wa Mlingotini walipoliona wakatoka nje haraka. Nilidhani wameenda kucheka. Walikuwa wameenda kucheka.

Bi Zulekha akaingia na mkwe wake, mjamzito. Wakapita meza ya kwanza, ya pili, wakafika kwangu. Nikamwamkia, akaitikia vizuri. Halafu akaishika nguo kwa vidole viwili, na ule ukunjufu ukamtoka usoni.

"Mwanangu, hii si bafta?"

"Ndiyo, mama."

Mwalimu akadakia. Akamweleza ule mstari, kwamba kwa mwaka mzima haukushuka hata mwezi mmoja, kwamba hakuna bidhaa ya mitindo yenye soko la uhakika kama hili. Bi Zulekha hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi.

"Huko dukani kwenu mnawauzia watu ya nini?"

Mngefanyaje? Ningeweza kusema ya mashuka. Ya bitana. Mdomo wangu haukukubali.

"Ya sanda, mama."

Mkwe akarudi nyuma, mkono tumboni, akagonga meza ya jirani. Mwalimu Festo akalitazama sanamu, akalitazama bango lake, kisha akaanza kuufungua ule mkanda wa dhahabu taratibu, kama anayemvua mtu aliyelala.

Nafasi amepewa Hamisi wa suruali za jinzi. Hamisi aliniambia kwa kinywa chake kwamba namba zake alizitunga kitandani! Duka aliloandika halipo. Mchoro wake una mwezi wa kumi na tatu. Mimi nimehesabu vibao vya marehemu kimoja kimoja, sikukosea hata kimoja, na ndimi niliyekitia aibu chuo. Niambieni basi hizo namba tunasomeshwa za nini. Na tafadhali msicheke, nimechekwa vya kutosha tangu asubuhi.

Saa saba nilikuwa nafunga vitu vyangu. Akaja Mzee Salehe anayetupikia chuoni, kofia mkononi. Shemeji yake amefariki alfajiri, wanazika baada ya alasiri, na maduka yote yamefungwa kwa swala ya Ijumaa. Ameambiwa nina bafta.

Nikamwambia pole. Ya kwenye sanamu ilikuwa na matundu ya pini, sikumpa hiyo. Jora nililokuja nalo lilikuwa chini ya meza, safi. Nikampimia, nikatia meno ukingoni, nikaichana. Sauti yake ikajaa ukumbini.

Mwalimu Festo alikuwa anabandua mchoro wangu ukutani. Akageuka.

"Umeuza?"

"Ndiyo."

Katika meza zote za leo, hakuna mwingine aliyeuza kitu. Akasimama na karatasi mkononi, kisha kwa sauti ndogo sana akauliza ni yadi ngapi, aongeze kwenye mchoro.

Nikamtajia.