Tasnifu ya Dirisha Moja

Kwa furaha kubwa, na kwa mujibu wa mamlaka niliyopewa, natangaza kwamba chuo chetu ndicho cha kwanza kufanya kujitolea kuwe kwa lazima. Mimi ni Katibu wa Kamati ya Uratibu wa Moyo wa Kujitolea. Waraka wa kuianzisha niliuandika mwenyewe, na kifungu cha pili wengi wamekisifu: "Mwanafunzi atajitolea kwa hiari yake. Asiyejitolea kwa hiari yake hatahitimu."

Utaratibu ni rahisi. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hupelekwa kwenye shirika la hisani kwa majuma manane, kisha huandika tasnifu ya kuonyesha jinsi alivyobadilisha maisha ya walengwa. Kwa miaka sita walengwa wamebadilishwa maisha bila kukosa. Hatujawahi kupokea tasnifu yenye mlengwa aliyebaki vilevile.

Ndipo akaja binti wa fundi cherehani.

Alikuwa msichana mpole, wa kukaa kiti cha nyuma, na mama yake alikwisha kumshonea gauni la mahafali. Tulimpeleka Nyumba ya Wazee iliyo nyuma ya soko, ambako wanafunzi wetu hupaka rangi kila mwaka. Majuma manane yakaisha, akaleta tasnifu ya kurasa sitini na moja. Niliifungua nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Chai ikapoa.

Ukurasa wa kwanza ulisema: "Nilipofika sikujua lolote. Siku ya pili niliambiwa nimwogeshe bibi mmoja, nikaanza kulia. Yeye ndiye aliyenibembeleza."

Mlengwa kumbembeleza mtafiti! Sura ya Tatu ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa ilieleza namna ya kumgeuza mgonjwa kitandani asiumie, kama mtafiti alivyofundishwa na mgonjwa mwenyewe. Lakini iliyotikisa Kamati ni Sura ya Nne, yenye kichwa "Dirisha". Binti alidai kuwa chumba cha wanawake, chenye vitanda kumi na kimoja, kina dirisha moja, na dirisha hilo halijafunguka kwa miaka sita. Rangi ilikuwa imepakwa juu ya rangi, juu ya bawaba, juu ya komeo, mpaka fremu na ukuta vikawa kitu kimoja. Alichukua kisu butu cha jikoni akakwangua siku nne. Matokeo ya utafiti yalikuwa sentensi moja: "Dirisha lilifunguka, na bibi wa kitanda cha tatu akasema, kumbe mvua bado inanukia."

Nilimpigia Mwenyekiti simu papo hapo. Mwenyekiti wetu si mtu wa mchezo. Ni profesa, ameandika kitabu kinene kuhusu kujitolea, na mradi wa kupaka rangi ni wake. Akamwita binti ofisini.

"Binti yangu," alisema, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua, "hii Sura ya Nne tuiondoe."

"Kwa nini, Profesa?"

"Haina viashiria. Dirisha si mlengwa."

"Walengwa walikuwa kumi na mmoja, Profesa. Walikosa hewa."

"Hewa hiyo uliipima?"

"Niliivuta."

Niliandika kwenye kumbukumbu: mtahiniwa alivuta data.

Mwenyekiti akajiegemeza kitini. "Sikiliza. Andika kwamba kuta zimeboreshwa, uhitimu. Ukishupaza shingo, utarudia mwaka."

Binti alivitazama viatu vyake. Mimi nilidhani anatafuta maneno ya kuomba radhi.

"Gauni litasubiri," alisema. "Nikilitoa dirisha, Profesa, nitakuwa nimelipaka rangi mara ya saba."

Basi ikabidi ajitetee mbele ya Kamati nzima pamoja na mtahini wa nje, mama mmoja mkavu wa maneno aliyetoka chuo kingine. Kifungu cha kumi na nne kinamruhusu mtahiniwa kuleta mlengwa mmoja awe shahidi. Hakuna aliyewahi kukitumia. Tulikiweka ili waraka upendeze.

Siku hiyo mlango ulifunguliwa, akaingia binti akimshika mkono bibi kizee, mdogo kama kifurushi. Kule Nyumba ya Wazee wanamwita Bibi Redio, kwa sababu akishawashwa hazimiki.

"Shikamoo, Bibi," tulisema sote, hata Mwenyekiti.

"Marahaba, wanangu." Akaangaza macho ukumbini. "Mbona madirisha yenu yote yako wazi? Hamjaletewa watu wa kujitolea?"

Mtahini wa nje alikohoa. Kikohozi chenyewe kilifanana sana na kicheko.

Mwenyekiti akasimama. "Tuzungumze kitaaluma. Madai haya yanapingana na utafiti uliochapishwa." Akanyanyua kitabu chake juu ili wote tulione jalada. Lilikuwa na picha ya bibi mmoja nyuma ya kioo, mkono ameuinua. Na nje yupo Profesa mwenyewe na brashi, anampungia. Chini imeandikwa: "Shukrani." "Nawauliza wajumbe, huyu analalamika?"

Bibi Redio aliomba apewe kitabu. Akakisogeza mpaka karibu na jicho lake zima.

"Huyu ni mimi," alisema.

Wajumbe wakanyoosha shingo kulitazama jalada.

"Na huyu ni wewe. Ulikuwa na nywele." Akaligonga jalada kwa kidole. "Mwanangu, sikuwa nakupungia. Nilikuwa nagonga kioo. Joto lilikuwa la kuua, mwenzangu wa kitanda cha pili anahema kama samaki aliyetolewa majini. Nagonga, napiga kelele, jamani mnatufungia dirisha! Wewe ukatabasamu, ukanipungia mkono. Mpiga picha akasema, safi sana, Bibi, rudia. Nikagonga tena."

"Na huyo mwenzako?" mtahini wa nje aliuliza.

"Yupo, ana roho ya paka. Lakini miaka yote hiyo, joto likizidi, tunambeba sisi vikongwe kumtoa barazani kama mkeka. Mpaka alipokuja huyu mjukuu wangu na kisu chake."

Binti aliinamisha kichwa, akajifuta macho kwa kiganja. Mwenyekiti akasema kwamba uwandani huwa kuna changamoto za mawasiliano.

"Halafu brashi yenyewe ilikuwa kavu," Bibi Redio aliongeza.

Mtahini wa nje aliandika uamuzi palepale. Tasnifu imepita kwa daraja la kwanza, Sura ya Nne isiguswe. Aidha, kwa kuwa kanuni zinampa mamlaka ya kuagiza marekebisho ya "andiko lolote lililowasilishwa mbele ya Kamati", na kwa kuwa Mwenyekiti amewasilisha kitabu, kitabu nacho kirekebishwe. Na kwa kuwa mwandishi wake ameonekana hana uzoefu wa uwandani, atangulie kujitolea majuma manane, kwa hiari yake. Wajumbe tuliunga mkono kwa kauli moja. Mimi niliinua mkono mapema, isije ikaonekana nilisitasita.

Binti akahitimu. Mama yake alipiga kigelegele kirefu hata mgeni rasmi akakatisha hotuba, na hakuna aliyemtaka aendelee. Nyumba ya Wazee ikamwajiri binti awe msimamizi wa wanaojitolea.

Juzi nilipita kule kukagua. Nilimkuta Mwenyekiti uani, suruali ameikunja hadi magotini, anafua mashuka.

"Katibu," alininong'oneza, "itisha Kamati haraka. Niombee nisamehewe majuma yaliyobaki. Mgongo umekufa kabisa."

Ilinibidi nimweleze, kwa masikitiko, kwamba maombi ya msamaha husikilizwa na Kamati tu. Kwamba Kamati haiwezi kukaa bila Mwenyekiti. Na kwamba Mwenyekiti, kwa mujibu wa kumbukumbu zangu, yuko uwandani hadi mwisho wa mwezi ujao.

"Wewe profesa!" Bibi Redio alipaza sauti kutoka barazani. "Hilo shuka bado lina povu. Suuza tena!"

"Naam, Bibi," alijibu Mwenyekiti, akainama.