Nimemfungia Bosi Kwenye Chumba cha Kugandishia Samaki

Leo aibu imenimaliza.

Mnajua nilipandishwa cheo hapa kwenye bohari la samaki, Pasiansi. Zamani nilikuwa napima sangara kwenye mizani, jioni narudi zangu nyumbani. Sasa ni msimamizi. Mapokezi ni yangu, zamu ni zangu, usafi ni wangu, chumba cha kugandishia ni changu. Cheo kimepanda, na presha nayo haikutaka kubaki chini.

Asubuhi bosi wetu, Mzee Masanja, akanisimamisha.

"Ratiba ya zamu iko wapi? Na kile kitasa cha ndani cha chumba cha baridi, fundi kashakuja?"

"Inakuja, mzee. Anakuja, mzee."

(Hakuna kilichokuwa kinakuja.)

Kuanzia hapo nikawa namkwepa. Nikisikia kikohozi chake tu, nainama nyuma ya makreti. Simu nayo hainyamazi. Dereva yuko Kamanga anapiga kelele: "Dada, kivuko kimechelewa, barafu inayeyuka!" Akina dada wa usafi wanadai mabuti. Mteja anadai sato wake.

Napita koridoni mbio, nakuta mlango wa chumba cha baridi uko wazi. Nani mzembe hivi! Nikausukuma kwa mguu, nikabana komeo. Paa! Kwa mara ya kwanza nikajiona msimamizi kweli.

Baada ya hapo, ajabu, Mzee Masanja akapotea. Hakuna kikohozi wala maswali. Nikamshukuru Mungu. Nikanywa chai, tena nimekaa!

Akaja Kulwa, dada aliyechukua nafasi yangu kwenye mizani.

"Mzee yuko wapi? Mbona gari lake lipo?"

Nikampigia, nionekane mchapakazi. Simu ikaita ofisini kwake, juu ya meza.

Ndipo nikasikia: du! du! du! Inatoka chumba cha baridi. Mashine inakufa, tena mikononi mwangu! Nikampigia fundi huku machozi yananitoka, nikaiweka simu mlangoni asikie mwenyewe.

Fundi akatega sikio.

"Dada, hiyo mashine inaita jina lako."

Jamani! Kulwa ndiye aliyefungua komeo. Mzee Masanja akatoka kajifunika gunia, nyusi nyeupe kwa barafu, na wafanyakazi wote wamejaa koridoni. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, mzee!" (Tulishasalimiana asubuhi.)

"Ma-ma-marahaba." Meno yanagongana.

Koridoni pakalipuka kicheko.

Tukamkalisha juani na kikombe cha uji wa moto. Nikasimama mbele yake nasubiri kufukuzwa, nawaza nitamwambia nini mume wangu. Akanywa uji wote bila kunitazama.

"Niliingia kuangalia kile kitasa," akasema mwishowe. "Ni kweli, kimekufa."

Akanirudishia kikombe.

"Kazi zimekuzidi, binti yangu, si ungesema. Kesho utapata msaidizi. Ila makomeo yote atashika Kulwa."

Kwa hiyo bado ni msimamizi, isipokuwa nikitaka kufunga mlango namwomba Kulwa. Nawasihi msicheke kwanza. Mke wa mzee bado hajaambiwa.