Viinitete Vitatu na Akili ya Seremala

Jumatatu, 3 Machi
Viinitete vitatu! Vyetu! Baada ya miaka tisa! Lakini mke wangu kavimba tumbo kwa zile sindano za kukuza mayai, hawezi kuwekewa mimba sasa. Vinagandishwa mpaka apone. Daktari kaeleza njia mbili. Ya zamani: mashine inashusha baridi polepole. Ya sasa: vinatiwa dawa ya kukinga, kisha vinatumbukizwa kwenye baridi kali, papo hapo vinakuwa kama kioo. Anapendekeza ya haraka. Shemeji, kaka wa mke wangu, dereva wa gari la wagonjwa, akadakia: ya haraka, tena bila kufikiri. Yule hata chai anaimeza ikichemka. Mke wangu akakubaliana nao. Mimi ni seremala. Mbao ukiikausha haraka inapasuka, sembuse mwanangu!

Jumanne, 4 Machi
Nimefanya utafiti. Nyanya moja, jana usiku kwenye friji la nyumbani, ikaganda polepole. Leo nimeiyeyusha mbele ya shemeji. Uji mtupu! Kacheka hadi kashika ukuta. Akakumbusha maneno ya daktari: barafu ikipewa muda hufanya miiba, inachoma kutoka ndani. Nikamwambia nyanya ilikuwa mbovu. Ilikuwa nzima. Nimeinywa, kufuta ushahidi.

Jumatano, 5 Machi
Ushindi! Nimekwenda kliniki peke yangu, nikasema tumebadili mawazo, tunataka ya polepole. Daktari akabisha sana. Akasema bila sahihi ya mke, hafanyi. Haya, nikaibeba fomu hadi nyumbani. Mke wangu yuko kitandani anatapika. Akauliza kama ni ile tuliyokubaliana. Nikasema ndiyo, mama watoto. Akasaini bila kusoma, akanishukuru kwa kuhangaika. Roho iliniuma kidogo. Ikapita.

Jumatatu, 28 Aprili
Vimeyeyushwa. Cha kwanza kimekufa. Cha pili kimekufa. Cha tatu nusu hai, tungoje asubuhi. Mke wangu amekaa kwenye benchi la korido, anaomba kwa sauti ndogo. Shemeji katuletea chakula. Chai yake kaiacha hadi ikapoa, jambo ambalo sijawahi kuliona. Naogopa.

Jumanne, 29 Aprili
Cha tatu nacho kimekufa. Mayai mengine hakuna; yale yalikuwa ya mwisho. Daktari akataja, kwa upole tu, njia tuliyoichagua. Mke wangu akageuka, akanitazama. Hakulia. Nililia mimi, chooni. Kutoka, kaka yake kashamchukua.

Jumatano, 30 Aprili
Shemeji kapiga simu. Mke wangu yuko tayari kunisikiliza, lakini leo, kabla jua halijazama. Kesho anakwenda kwa mama yao, na akienda harudi. Njoo sasa hivi, bwana, anasema, nakuomba. Ni walewale na haraka zao! Hasira mbichi haiguswi. Nimepaka vanishi kile kitanda cha mtoto nilichokianza mwaka juzi. Nitakwenda Ijumaa, ikishakauka.