Nimezipanga Herufi, Mwanangu

Jumatatu, 3 Juni

Binti yangu kaja mbio kutoka maktaba, viatu mkononi. Nikadhani kafukuzwa! Kumbe anaitaka ile laptopu ya zamani ya baba yake. Miaka yote naikandamizia vitambaa nikikata nguo za wateja. Nzito kama kiroba cha unga, ina mpini kama sanduku la safari. Kitambaa hakitikisiki.

Kumbe ni kitu! Anasema ni ya kwanza katika ukoo wa laptopu zilizotengenezewa watu wa nyumbani, si wa maofisini. Yaani bibi. Akafuata mama, mwenye kioo cha rangi. Kisha mjukuu, mwembamba. Kisha kiwanda kikafungwa. Jumamosi maktaba inauonyesha ukoo mzima, na bibi ninaye mimi tu. Mambo yakienda vizuri, Mkuu wa maktaba atampa ajira ya kudumu. Miaka mitatu mwanangu kibarua!

Kaniambia atakuja kuichukua Jumamosi asubuhi. Mama, usiiguse, usiipanguse, usiihurumie. Nimekubali.

Jumanne, 4 Juni

Mama Miwani, jirani wa ukuta mmoja, kapita kunichoma. Yeye ndiye mwenye ile ya pili, ya kioo cha rangi. Kauliza, eti shoga, lile tofali lako la manjano linakwenda kwenye maonyesho au linakwenda kuzuia mlango? Nikacheka meno nje, roho inafuka moshi.

Nimeitazama. Kweli manjano. Meno ya mvuta sigara! Binti ataaibika mbele ya Mkuu.

Kupangusa kidogo si kugusa.

Alhamisi, 6 Juni

Sabuni imeshindwa. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha imeweza! Vitufe vyeupe pee. Ila herufi nazo zimeondoka. Zote. Ajira ya mtoto hiyo!

Nikamwuliza mume wangu, kijanjajanja, herufi za kompyuta hukaaje. Bila kushusha gazeti kasema zimekaa shaghalabaghala tu, Q ndiyo ya kwanza. Maskini, uzee unaingia. Q ya kwanza! Mimi niliishia darasa la nne, lakini A B C naijua hata usingizini.

Nikachukua rangi ya kucha, nyekundu. Nikapaka A mpaka Z, kwa mstari, mkono wa fundi haujatetemeka. Namba na nukta dawa haikuzifikia, nami sikuzigusa. Namba zilikuwa zimepangwa na mtu mwenye akili.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeishonea gauni la mahameli, marinda pande zote. Nimelifunga vifungo kumi na viwili. Kwa haraka za asubuhi binti hatavifungua. Atashangaa mbele za watu, kwa raha zake. Mama Miwani kachungulia dirishani mara mbili. Nikavuta pazia.

Jumamosi, 8 Juni

Eeh, siku hii!

Ukumbi umejaa. Mama Miwani kasimama kando ya laptopu yake kama bibi harusi. Binti akafungua vifungo vyangu kumi na viwili, akaona vitufe, akawa rangi ya majivu. Akanitazama. Nikampungia mkono.

Kabla hajasema neno, Mkuu kaketi. Kaiwasha, ikawaka! Akatangaza ataandika KARIBU, wageni waone mashine ya kale inavyofanya kazi. Kidole kimoja, taratibu, kafuata herufi zangu. Kwenye kioo likatokea AQKOWX.

Mgeni mmoja kauliza ni lugha gani. Mama Miwani kakohoa kwa furaha. Mimi nilikuwa natafuta mlango.

Ndipo mzee mmoja nyuma akaanza kucheka mpaka miwani ikamwanguka. Fundi mstaafu, alitengeneza laptopu hizi ujana wake wote. Kasema hakuna mteja aliyeingia karakana kwake asiulize herufi zimepangwa na mlevi gani, lakini huyu mama ndiye wa kwanza kuchukua hatua! Binti yangu, Mungu ambariki, akadaka hapohapo. Kawaambia wageni hiyo ndiyo historia yenyewe: mashine imeingia nyumbani, na watu wa nyumbani wakapambana nayo. Mkuu akacheka. Akaandika jina la mke wake, likatoka kama chafya. Watu wakapanga foleni mpaka nje, kila mmoja anataka kuona jina lake likiharibika. Kwa Mama Miwani hakusimama hata nzi.

Mkuu kasema barua ya ajira itaandikwa. Nikalia. Binti kanikumbatia, kaninong'oneza: Mama, nitakuua.

Jumapili, 9 Juni

Binti kaja kunieleza, polepole, kwamba mashine haisomi rangi. Ndani inajua herufi zake zilipo, hata nikiipaka lami. Kaniapisha nisiiguse tena laptopu ile mpaka naingia kaburini. Nimeapa, mkono kifuani. Simchezei mwanangu.

Lakini jana, wakati watu wanacheka, nilizunguka chumba cha kusomea. Wana kompyuta kumi na mbili mpya, na herufi za zote zimevurugika vilevile! Q mbele! Watoto wa watu wanahangaika hapo kila siku, na kibarua wa kuwasaidia ni nani kama si binti yangu?

Hizo sikuapia. Kesho yeye anakwenda kusaini barua yake kwa Mkuu, chumba kitakuwa kitupu. Nimetikisa chupa. Rangi ipo ya kutosha.