Ombi la Kumvua Binti Yangu Shahada ya Ujenzi

Kwa Mkuu wa Idara ya Uhandisi na Usimamizi wa Ujenzi,

Mheshimiwa,

Kwa heshima zote, naomba mumvue binti yangu Rhodelyn shahada mliyompa mwezi wa sita. Haina kasoro. Ubaya wake ni kwamba inafanya kazi.

Mimi ni mjenzi hapa Tigbauan kwa miaka thelathini na moja, nilianza kwa kubeba mchanga. Nyumba zangu arobaini na nne zote zimesimama, ikiwemo ile moja iliyoegemea ya jirani. Niliwaletea msaidizi wangu mumsomeshe, mmenirudishia bosi.

1. Siku ya kwanza alinitoa kwenye saiti yangu mwenyewe kwa kosa la kuvaa kandambili. Fundi Pasiong, niliyemfundisha kushika mwiko na anayeniita Nong, yaani kaka mkubwa, akanisindikiza getini: "Nong Dulpo, kavae viatu, usituharibie rekodi ya usalama." Rekodi yenyewe ilikuwa ya saa mbili.

2. Alibandika ukutani ratiba inayoonyesha kazi ipi ikichelewa inachelewesha zote. Nikafurahi, nikijua muuza nondo, mchelewaji wetu, amepatikana. Iliyopatikana inaitwa "Kumsubiri Tatay aamue", na Tatay, yaani baba, ni mimi. Siku kumi na tisa kati ya ishirini na sita tulizochelewa.

3. Ngazi. Kwetu vidato tunavihesabu dhahabu, fedha, kifo, kisha tunarudia, na cha mwisho kisiangukie kifo. Mchoro ulikuwa na kumi na vinane vya sentimita kumi na saba: kifo. Nikakigawa cha chini, tisa na nane, vikawa kumi na tisa: dhahabu. Rhodelyn akaagiza ivunjwe. "Tay, mguu uliozoea kumi na saba ukikuta tisa unaanguka. Kifo hujakifuta, umekishusha chini tu." Nikajiandaa kumwambia kwamba shule imemtoa kwenye mila. Kumbe ameshagawa sentimita zote mia tatu na sita kwa kumi na tisa: kumi na sita na kidogo kila kidato. Dhahabu, na hajikwai mtu. Hesabu hiyo nimeipiga mara nne kwa hasira, jibu ni lile lile.

4. Hili ndilo linaloniuma. Nikitoa amri, mafundi hutazama kwanza nyuma yangu kama Injinia yupo.

Kama shahada yote haichukuliki, chukueni japo ile nusu ya usimamizi. Uhandisi abaki nao.

Nisalimie walimu wote, hasa wa ratiba, ambaye natumaini naye ana baba.

Wako mtiifu, mwenye kofia ngumu kichwani,
Teodulfo "Dulpo" Torreflores

N.B. Leo asubuhi lori la zege limefika kabla ya Rhodelyn. Mafundi kumi na mmoja wakanigeukia mimi, kama zamani, wakisubiri neno. Nikawaambia, "Ngojeni Injinia aje." Basi mwacheni na shahada yake.